Kamera ya parokia: tununue nyingine, au tutunze hii?

Parokia nyingi za mashariki zina kamera moja iliyonunuliwa zamani au kuletwa na mgeni kama zawadi, na kila bajeti inapoandaliwa swali ni lile lile: je, wakati wa kuibadilisha umefika? Kwetu Kibati, kaskazini mwa Goma kwenye barabara ya Rutshuru, safari hii swali lililetwa na vijana wa kwaya. Kamera yetu ni Canon EOS 1100D, aina iliyotoka mwaka 2011. Vijana walisema imezeeka, picha zake zina giza, na simu ya mmoja wao inapiga vizuri kuliko hiyo. Waliomba dola 600. Sandukuni tulikuwa na dola 180, maana akiba nyingine imekwama tangu benki za Goma zilipofunga milango mwishoni mwa Januari 2025.

Komite ilitutuma sisi tunaoshughulika na habari tuchunguze, kisha tulete jibu. Tunaeleza hapa tulivyofanya kwa sababu tunajua parokia jirani zina mzigo huo huo.

Hatukuanzia madukani Birere. Tulikaa ofisini jioni mbili tukapitia picha za mwaka mzima, tukatenga zile mbaya, na kila moja tukaiuliza: wewe umeharibika kwa sababu gani? Picha za nje zilikuwa nzuri karibu zote. Zile mbaya zilitoka ndani ya kanisa: giza, au mtu ameacha mkia kama moshi kwa sababu alisogea. Halafu kulikuwa na zile ambazo hazikuwepo kabisa. Batri ilizimika katikati ya ubatizo. Kadi ya kumbukumbu iligoma kufunguka. Hatukuona hata picha moja iliyoharibika kwa sababu ya uchache wa pikseli, jambo ambalo matangazo ya kamera hulisema kwanza.

Kuhusu hizo pikseli, tufanye hesabu. Kamera yetu hutoa picha ya pikseli milioni 12. Kuchapa ukurasa mzima wa A4 kwa ubora wa nukta 300 kwa inchi kunahitaji chini ya milioni 9. Televisheni ya Full HD inaonyesha kama milioni 2 tu. Na picha ikipita WhatsApp kwa njia ya kawaida, inapunguzwa njiani hata kama ilitoka kwenye kamera ya dola elfu tano. Kwa kalenda ya parokia, kwa ripoti na kwa ukurasa kama huu, milioni 12 zinatosha na kubaki. Tuliona aibu kidogo kugundua kwamba kamera yetu haikuwa ikitoa hata hizo: mtu fulani, zamani za kadi ya giga 2, aliiweka kwenye ubora wa chini ili kuokoa nafasi, na hakuna aliyewahi kuirudisha. Kuirejesha kulichukua nusu dakika.

Giza lilikuwa jambo jingine. Kanisa letu ni la mbao na mabati, madirisha ni madogo, na chini ni makoro meusi yanayomeza mwanga wote. Lenzi iliyokuja na kamera, ile ya milimita 18 hadi 55, ukiivuta kusogeza mhubiri karibu hufungua tundu lake hadi f/5.6 tu. Namba hiyo inadanganya macho: inavyokuwa ndogo, tundu linakuwa pana. Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8 hupitisha mwanga karibu mara 10 kuliko f/5.6. Maana yake, pale kamera ilipohitaji sehemu moja ya 15 ya sekunde, muda ambao mpiga ngoma ameshainua mkono na kuushusha, sasa inahitaji takriban sehemu moja ya 150, na mkono unatulia. Kamera mpya yenye lenzi kama ile ya zamani isingetupa faida ya namna hiyo. Kwenye duka la vitu vya okazyo, yaani vilivyokwisha kutumiwa, tuliipata kwa dola 90.

Ina kasoro zake. Haivuti karibu wala mbali, hivyo mpiga picha lazima atembee, na katika chumba kidogo kwaya nzima haienei. Picha za kundi bado tunapiga kwa lenzi ya zamani, nje. Pia ukifungua tundu hadi mwisho, uso wa mtu wa mbele unakuwa safi na wa nyuma yake unafifia. Kwa watu wawili watatu tunarudi f/2.8. Wenye Nikon ndogo kama D3100 wawe waangalifu: kamera hizo hazina mota ndani, kwa hiyo lenzi bila mota yake haitalenga yenyewe. Tafuteni ile yenye herufi AF-S.

Je, simu? Vijana hawakusema uongo. Mchana, nje, simu nzuri ya siku hizi inaweza kuishinda kamera yetu, kwa sababu inapiga picha kadhaa kwa mfululizo na kuziunganisha yenyewe. Parokia isiyo na kamera, na ambayo kazi yake ni kutuma habari upesi, tunaishauri isinunue chochote. Lakini simu ni mali ya mtu. Mtu akihama, picha zinahama naye. Simu ikiibiwa kwenye foleni ya maji, picha za ubatizo wa watu 40 zimekwenda. Na hapa ndipo mazungumzo yetu yalipobadilika, kwa sababu mzee mmoja wa kanisa alitukumbusha Mei 2021.

Jumamosi ya tarehe 22 Mei 2021, jioni, Nyiragongo ulilipuka. Lava ilikata barabara hii yetu ya Rutshuru na kusimama Buhene, ukingoni mwa mji. Watu walikimbia usiku, wengine kwenda Rwanda, wengine upande wa Sake, na katika giza lile mikono iliachana. Siku iliyofuata UNICEF ilisema watoto zaidi ya 150 walikuwa wametengana na familia zao, na zaidi ya 170 walihofiwa kuwa wamepotea. Wiki ile mama mmoja alikuja kwetu. Nyumba yake ilikuwa imeungua pamoja na kila kitu, na aliuliza jambo moja: je, kanisa lina picha ya mwanawe? Tulikuwa nayo. Noeli ya 2020 tuliwapanga watoto wa ekodim mbele ya mlango, mstari mmoja, mwanga mzuri, kwa kamera hii hii. Tulikata uso wa mtoto ule tukaupeleka kwa waliokuwa wakitafuta watoto, na alipatikana Sake.

Siku mbili baadaye alikuja mama wa pili. Binti yake hakuwepo Noeli. Alikuja kwetu Pasaka ya 2021, na picha za Pasaka zilikuwa kwenye kadi tuliyoifuta ili kupata nafasi ya arusi. Hatukuwa na la kumpa. Mtoto alirudi baada ya siku tisa, kwa neema ya Mungu wala si kwa msaada wetu.

Baada ya kukumbuka hayo, swali la komite halikuwa tena umri wa kamera. Tulinunua hivi: lenzi dola 90, batri ya pili dola 15, kadi mbili za giga 32 kwa dola 16, na diski ya nje ya tera moja kwa dola 55. Jumla dola 176. Nne zilizobaki zikawa nauli ya pikipiki. Baba mchungaji alitaja yule mjenzi wa mnara katika Luka 14 anayeketi kwanza kuhesabu gharama, na mweka hazina akacheka kwa mara ya kwanza mwaka huu.

Kuhusu diski tulikosea kidogo mwanzoni. Tulipanga ikae nyumbani kwa mchungaji, hadi mtu akauliza nyumba ya mchungaji iko chini ya mlima gani. Hata Goma mjini hapakutosha, kwa kuwa Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji hadi ziwani. Sasa nakala ya kwanza iko kwenye kompyuta ya ofisi, na ya pili iko kwenye diski inayokaa kwa ndugu zetu Bukavu. Mjumbe anapovuka ziwa kuja mkutanoni huileta, tunaongeza picha mpya, naye anarudi nayo. Kadi haifutwi kabla ya diski kupokea. Kila folda ina jina la tarehe, mwaka ukitangulia, ili hata mgeni aweze kutafuta.

Tuseme pia palipo na haki ya vijana. Kamera yetu inarekodi video ya 1280 kwa 720 tu, na haina tundu la kuchomeka maikrofoni. Kwa sasa tunarekodi sauti kwa simu iliyowekwa karibu na mhubiri, kisha tunaziunganisha kwenye kompyuta. Inawezekana, lakini inachosha. Kama huduma yenu kubwa ni nyimbo za kwaya kwa video, kamera kama yetu imefika mwisho wake, na hakuna lenzi itakayoiokoa. Tafuteni ya okazyo yenye tundu la maikrofoni, kwa mfano Canon 700D ya mwaka 2013, inayorekodi Full HD. Lenzi yetu ya milimita 50 itaingia humo bila shida, maana kiungo cha lenzi za EF ni kile kile tangu 1987. Batri tu ndiyo haitaingia. Ndiyo sababu tulisema fedha ya lenzi haipotei: kamera ikibadilika, lenzi inabaki.

Mkienda kununua kitu cha okazyo, nendeni na kadi yenu na batri iliyojaa. Shikeni lenzi mbele ya mwanga mkaangalie ndani: nyuzi kama za buibui ni ukungu, na ukungu hautoki kwa kitambaa. Pigeni picha ya anga au ukuta mweupe kwa f/16. Madoa meusi yanayobaki mahali pale pale katika kila picha ni vumbi lililoingia ndani. Hapa kwetu, kwa vumbi la makoro, hilo ni la kawaida, na mara nyingi husafishika, lakini bei ishuke. Msilipulize kwa mdomo, mate ni mabaya kuliko vumbi. Sisi tunabadilisha lenzi ndani ya nyumba, uso wa kamera ukielekea chini.

Jambo dogo kuhusu ukubwa. Kamera kubwa shingoni, kwenye barabara yetu na katika siku hizi, inavuta macho ya watu ambao hatutaki watutazame. Inasafiri ndani ya mfuko wa kawaida, chini ya Biblia na kitenge. Na mtu anayepokea msaada haombwi kutabasamu akiwa ameshika gunia; tunamuuliza kwanza, na akikataa, tunashusha kamera.

Komite ilikubali, ingawa si vijana wote walioridhika. Mmoja wao alituambia wazi kwamba mwaka ujao ataleta ombi lile lile, safari hii likiwa na hesabu. Tumemwambia alete, na tumemkabidhi yeye lenzi mpya.

Picha za watoto wa ekodim zitapigwa Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, nje, kabla ya ibada ya pili, na sasa mara mbili kwa mwaka, si Noeli peke yake. Kila mtoto atapigwa peke yake, uso wazi, bila kofia. Jina lake na la mzazi litaandikwa kwenye daftari la ofisi, na picha hizo hazitawekwa Facebook wala kwenye kundi lolote. Wazazi ambao hawataki wamwambie mwalimu wa ekodim mapema. Wanaotaka waje saa mbili na nusu, kwa maana saa nne jua linapanda juu ya mabati na watoto wote wanafumba macho.