Kisima Katikati ya Malisho ya Akiba

Isiolo imechimbiwa visima vingi, na si vyote vilivyoleta heri. Wafugaji Waborana wa bonde la Ewaso Ng'iro huigawa nchi yao kwa misimu: malisho ya masika, ya kiangazi, na ya akiba yasiyoguswa mpaka ukame ukaze. Baraza la wazee, dedha, ndilo huamua mifugo ihame lini, na mgeni anayeswaga ng'ombe kutoka kaunti jirani huomba ruhusa kwanza. Mradi ukija na pampu ukachimba kisima katikati ya malisho ya akiba, mifugo hushinda pale mwaka mzima. Ukame unapofika, maji yapo, nyasi hakuna. Ripoti itaandika kwamba pampu inafanya kazi, na itakuwa kweli. Mwenye ng'ombe ndiye anayehesabu mizoga.

Ndiyo maana nauthamini mfuko wa tabianchi uliojaribiwa katika wadi tano za Kinna, Garbatulla, Merti, Oldonyiro na Sericho. Kamati za wadi zilizochaguliwa na wananchi ndizo zilizopanga matumizi, na baadhi ya fedha zilikwenda kuimarisha dedha yenyewe. Wafadhili wengi hupenda kulipia tangi, kwa kuwa linaonekana. Kikao cha wazee hakipigiwi picha, lakini ndicho kinacholinda tangi.

Dedha nayo ina pengo: ni baraza la wanaume. Kina mama wa ushirika wa Anolei hukusanya maziwa ya ngamia mjini Isiolo na kuyapakia kwenye mabasi, madumu kwa madumu, yakauzwe Eastleigh. Ngamia wakisukumwa mbali, biashara hiyo ndiyo ya kwanza kuyumba, na wao hawakuulizwa.

Gharama ya kutouliza tumeiona. Mwaka 2012 ulizinduliwa mradi wa LAPSSET, unaoiunganisha bandari ya Lamu na Isiolo. Uchimbaji wa bandari uliharibu mikoko na maeneo ya kuvulia, na mwenye mtumbwi mdogo hawezi kuwafuata samaki bahari kuu. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Gati la kwanza lilipofunguliwa Mei 2021, wavuvi walikuwa bado wanadai. Isiolo kwenyewe, Januari 2025, Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamua kwamba hifadhi za Biliqo Bulesa na Cherab zilianzishwa kinyume cha katiba, bila umma kushirikishwa ipasavyo.

Mvuvi na mfugaji hawa wanadai jambo moja: kuulizwa mapema. Basi, wizara na kaunti, kabla ya kusimika bikoni nyingine Isiolo, ketini na dedha, ketini na kina mama wa maziwa, mzungumze kwa lugha yao, wakati ambapo wakisema hapana mradi bado unaweza kuhamishwa.