Miguu Ikaguliwe Kila Jioni

Jua linapoanza kushuka nyuma ya milima ya Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, barabara za Bwiza hujaa watu warudio makwao. Yumo askari polisi aliyesimama njia panda tangu asubuhi. Yumo mwanajeshi atokaye lindoni, na mama aliyeshinda sokoni Jabe akiwa na ndala zilizoliwa kisigino. Wamo pia watoto waliocheza mpira mtaani bila viatu. Wafikapo nyumbani uso utanawishwa, mikono itaoshwa kabla ya chakula na nguo zitabadilishwa. Lakini miguu, ambayo imefanya kazi kubwa kuliko viungo vingine vyote, mara nyingi huingizwa kitandani kama ilivyo.

Hali hiyo yafaa ibadilike. Mguu mmoja una mifupa 26, viungo zaidi ya 30, na misuli na kano zipatazo mia moja. Uzito wote wa mwili hupita juu ya kifundo chake kila hatua. Hata hivyo mguu ni mvumilivu mno. Mara nyingi hautoi malalamiko mpaka ubovu umekwisha kuingia ndani, na katika maradhi fulani hautoi malalamiko hata kidogo. Ndiyo sababu mguu hautakiwi kungojwa uume. Unatakiwa kutazamwa kila siku, hata siku ambayo hauumi.

MAJESHI YALIVYOJIFUNZA

Majeshi yalilitambua jambo hili kwa gharama kubwa. Katika majira ya baridi ya mwaka 1914 kuingia 1915, jeshi la Uingereza lililopigana Ufaransa na Ubelgiji liliona kiasi cha askari 20,000 wakipatwa na ugonjwa wa miguu uliotokana na kusimama siku nyingi ndani ya mahandaki yenye maji na baridi. Miguu ilivimba, ikafa ganzi, na mingine ikaoza. Tiba haikutoka katika chupa ya dawa. Askari waliamriwa kuvua buti kila siku, kukausha miguu, kuipaka mafuta na kuvaa soksi kavu. Askari wawili wawili walikaguana, na mkuu wao aliulizwa endapo kikosi chake kilikuwa na wagonjwa wengi. Amri hiyo iliposhikwa barabara, ugonjwa ulipungua sana.

Katika vita hivyo hivyo Afrika Mashariki nayo ilikuwa na adui wake wa miguu. Usumbura, kama ulivyoitwa mji wa Bujumbura zama zile, uliingia mikononi mwa Wabelgiji mwezi Juni 1916. Pande zote mbili za vita zilitegemea wapagazi kwa maelfu. Jina la Kariakoo, huko Dar es Salaam, limetokana na kikosi cha wapagazi hao. Wengi wao walikwenda pekupeku, na funza alilemaza miguu ya watu wengi ambao hawakuguswa na risasi.

Funza huyo hakuwa mwenyeji wa bara hili. Alitoka Amerika ya Kusini, akafika pwani ya Angola mwaka 1872 kwa meli iliyotoka Brazil. Kabla ya karne hiyo kwisha alikuwa amekwisha kuvuka bara zima hadi pwani ya mashariki. Alisafiri kwa miguu ya watu: ya wapagazi, wafanya biashara na askari.

BESENI, SABUNI NA TAULO KAVU

Ukaguzi wa jioni hauhitaji fedha nyingi. Beseni, maji ya uvuguvugu, sabuni, kitambaa kikavu na mwanga mzuri vinatosha. Miguu ioshwe, lakini isirowekwe muda mrefu, kwa maana ngozi iliyolowa sana hulegea na kupasuka. Kisha ikaushwe kwa makini, hasa katikati ya vidole.

Hapo katikati ya vidole ndipo watu wengi wanapokosea. Bujumbura ni mji wa joto, nayo buti hufunga jasho ndani kama chungu kilichofunikwa. Fangasi hustawi mahali penye joto na unyevu. Ngozi hugeuka nyeupe, huwasha, hupasuka na kutoa harufu, na ufa huo mdogo huwa mlango wa vijidudu vingine viletavyo uvimbe na homa. Waislamu wa Bwiza na wa jirani zao Buyenzi huosha miguu mara nyingi kwa siku watiapo udhu, nayo ni desturi njema ya usafi. Litakalozidisha faida yake ni kuikausha kabla ya kurudi ndani ya soksi.

Mwenye fangasi atumie dawa ya kupaka atakayopewa zahanati, wala asiiache mara tu mwasho unapokwisha. Aendelee kwa muda alioagizwa, la sivyo ugonjwa hurudi. Soksi zibadilishwe kila siku. Kwa matembezi marefu, soksi za sufu au za nyuzi za viwandani huondoa jasho katika ngozi kuliko za pamba. Anayeweza kupata jozi mbili za viatu azivae kwa zamu, jozi moja ikipunga hewa siku nzima. Asiye na jozi ya pili afungue kamba zote usiku, avute ulimi wa buti nje na kuziacha mahali penye upepo.

Baada ya kukausha, mtu atazame unyayo, kisigino, kucha na pembe zote za vidole. Asiyeweza kuinama amwombe mwenzake, au aweke kioo kidogo sakafuni. Kucha zikatwe zikiwa zimelowa kidogo, kwa mstari ulionyooka. Ukucha uliokatwa duara hadi pembeni mara nyingi huota ndani ya nyama.

SINDANO MOJA KWA WATOTO WATANO

Katika nyumba zenye sakafu ya udongo au vumbi jingi, mtoto achunguzwe funza. Dalili ni kidoa cheusi kilichozungukwa na duara jeupe, pamoja na mwasho mkali. Funza jike huingia ngozini, akanona hata kufikia ukubwa wa punje ya njegere, naye hutaga mayai yanayoanguka chini na kuanza kizazi kipya.

Desturi ya kumtoa kwa sindano au pini inajulikana na kila mzazi. Hatari yake ni sindano moja kupita katika miguu ya watoto watano. Damu ya mmoja huingia kwa mwingine, na pamoja nayo huweza kuingia virusi vya homa ya ini au vya UKIMWI. Tundu lililoachwa wazi nalo huweza kupokea pepopunda. Ikiwa lazima funza atolewe, chombo kiwe safi na cha mtu mmoja, kidonda kisafishwe kwa dawa, na chanjo ya pepopunda ihakikishwe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014, uliofanywa vijijini Kenya, ulionyesha kwamba mafuta ya dimetikoni yaliwaua zaidi ya robo tatu ya funza katika siku saba bila kuchokoa ngozi. Yapatikanapo, hayo ni bora kuliko sindano. Hata hivyo, sakafu isiponyunyiziwa maji na kufagiliwa, na mtoto asipopewa viatu, funza atarudi.

KIATU KIPIMWE MCHANA

Malengelenge ni alama ya kiatu kisichoelewana na mguu. Miguu huvimba kidogo kadiri siku inavyoendelea, kwa hiyo kiatu kinunuliwe alasiri, si asubuhi. Nafasi ya upana wa kidole gumba ibaki mbele ya kidole kirefu kuliko vyote, na kisigino kisipande na kushuka mtu atembeapo. Buti mpya zivaliwe nyumbani saa moja au mbili kwa siku kabla ya kupelekwa katika matembezi ya kilomita nyingi. Anayenunua mitumba aingize mkono ndani apapase msumari, mshono uliovimba au wayo uliolalia upande mmoja.

Lengelenge dogo lisipasuliwe. Ngozi yake ni bendeji bora kuliko zote. Lifunikwe kwa kitambaa safi. Likipasuka lenyewe, lioshwe kwa maji na sabuni, ngozi iachwe mahali pake, na lifunikwe.

KIFUNDO KILICHOTEGUKA

Mfereji ulio wazi, jiwe barabarani au kuruka kutoka garini huweza kupindua mguu kwa ndani na kuvuta kano za upande wa nje wa kifundo. Hapo hukosewa mambo mawili. Kosa la kwanza ni kukanda kwa nguvu na kwa maji ya moto siku ile ile, jambo linaloongeza uvimbe. Katika siku mbili za mwanzo kinachofaa ni kupumzisha mguu, kuuweka juu ya mto, kuufunga bendeji isiyozuia damu, na kuweka kitu cha baridi kilichozungushiwa kitambaa kwa dakika 15 hadi 20, mara kadhaa kwa siku.

Kosa la pili ni kudhani kwamba kila kifundo kilichovimba kimeteguka tu. Mwaka 1992 madaktari wa Ottawa, Kanada, walichapisha kanuni ambayo hutumika sehemu nyingi za dunia. Aliyeumia asipoweza kupiga hatua nne, au akisikia maumivu mfupa wenyewe unapobonyezwa nyuma ya ukingo wa fundo la ndani au la nje, apelekwe kupigwa eksirei. Ndivyo ilivyo pia akiumia mfupa ulio katikati ya mguu, upande wa ndani au wa nje. Mwanajeshi anayeficha maumivu ili asionekane dhaifu mbele ya wenzake huweza kutembea juu ya mfupa uliovunjika, na mwezi mmoja wa mapumziko ukageuka ulemavu wa maisha.

Maumivu yanapopungua, mguu usiachwe ukalala. Mtu achore herufi hewani kwa kidole gumba cha mguu, asimame kwa vidole akishika ukuta, kisha asimame kwa mguu mmoja kwa nusu dakika. Mazoezi haya hurudisha nguvu na usawa, na bila hayo kifundo huteguka tena na tena. Burundi ni nchi ya wakimbiaji. Vénuste Niyongabo aliipatia medali yake ya kwanza ya Olimpiki, ya dhahabu, katika mita 5,000 huko Atlanta mwaka 1996. Vijana wanaotamani kumfuata waanze na vifundo imara.

KIDONDA KISICHOUMA

Lililo zito kuliko yote limebaki. Ugonjwa wa kisukari, ukikaa mwilini miaka mingi bila kutawaliwa, huua mishipa ya fahamu ya miguu na kupunguza mwendo wa damu. Mgonjwa hukanyaga msumari asijue. Hukaa karibu na jiko la makaa akaungua asisikie. Kidonda kisichouma hudharauliwa, kikachimba mpaka mfupani, na mwisho wake huweza kuwa kukatwa mguu. Nyumba nyingi zina bibi au babu mwenye kisukari, na mara nyingi haya humzuia kuwaonyesha watoto wake nyayo zake.

Mgonjwa huyo asitembee pekupeku hata ndani ya nyumba. Kabla ya kuvaa kiatu, akikung'ute na kupapasa ndani. Maji ya kuoshea yapimwe kwa kiwiko, si kwa mguu. Sugu isikatwe kwa wembe. Akionekana na kidonda, uwekundu, joto la upande mmoja au kidole kilichogeuka cheusi, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, ijapokuwa yeye mwenyewe atasema haoni maumivu. Na mtu yeyote, mwenye kisukari au asiye nacho, ambaye mguu wake umevimba na kuwa moto huku akiwa na homa, asingoje kesho.

Mara nyingi mkaguzi wa kwanza hatakuwa daktari. Atakuwa mke amwonaye mumewe akichechemea alfajiri, au binti amwoshaye bibi yake miguu. Hao ndio waonao ufa ungali mdogo, na yafaa wasikilizwe wasemapo kwamba mguu huu lazima uende hospitali.