Amiri wa Msafara na Aliye Nyuma



Skuli zilipofungwa, familia kadhaa za mtaa wetu ziliazimia kuutembelea msitu wa Shimba, kule Kwale. Wengi wetu tumezaliwa na kulelewa Mombasa, na vilima vile twaviona kwa mbali tu. Hali ya kuwa sehemu ya maji ya mji wetu hutoka huko huko, katika chemchemi za Marere. Tumeyatilia udhu miaka na miaka pasi na kuiona miti inayoyahifadhi.

Tulivuka feri ya Likoni baada ya sala ya Alfajiri, tukapinda Kombani kuelekea Kwale, na kabla ya saa tatu tulikuwa langoni. Tulikuwa watu 29: akina baba, akina mama na mabuibui yao, vijana, watoto, na nyanya mmoja apataye miaka 70. Kwa kuwa ndimi niliyeitisha safari, nilifanywa amiri wa msafara.

Mahali hapo palitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Wamo ndovu na nyati, na ndipo mahali pekee nchini Kenya ambapo palahala huonekana porini. Askari wa wanyamapori alituongoza kwa miguu kwenye njia ya takriban kilomita 2, hadi maporomoko ya Sheldrick, ambayo maji yake huanguka zaidi ya mita 20. Njia ya kwenda ni ya kuteremka, na mteremko humfanya kila mtu ajione kijana. Watoto walicheza majini, mama zetu wakatia miguu penye kivuli, na nyoyo zikatua.

Kurudi ndiko kulikotufunza adabu. Jua lilikuwa kali, kilima kimesimama, na kila mmoja akili yake iko kwenye mahamri na chai vilivyobaki garini. Nami nilikwenda mbele, bega kwa bega na askari, nikiona fahari kwamba umri wangu haujanishinda. Tulipofika juu, askari akatuhesabu. Tulikuwa 27.

Uso wake ulibadilika. Alituamuru tusisogee, akashuka, nami nikamfuata huku moyo ukinidunda. Tuliwakuta nusu ya njia: yule nyanya ameketi juu ya gogo, pumzi zimemkatika, na mjukuu wake wa miaka tisa amesimama kando yake akimpepea kwa upindo wa mtandio. Mtoto alisema kwamba aliita mara mbili, hakuna aliyesikia, basi akaona bora abaki. Watu wazima tulipita wote. Mtoto ndiye aliyegeuka.

Niliomba radhi. Nyanya akanitazama kwa utulivu, akasema: "Sheikh, msikitini watufupishia sala kwa sababu yetu wazee. Huku msituni mbona watutoka mbio?"

Sikuwa na jibu, na hata leo sina. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa katika safari akibaki nyuma ili amsukume aliye dhaifu na kumpakia asiyejiweza. Hayo nimeyasomesha madrasa kwa miaka mingi. Siku ile niliyasahau kwa ajili ya kilima kimoja.

Basi, enyi mnaokusudia kutembea na jamaa zenu likizo hii, msiwaache wazee nyumbani kwa kuogopa kisa hiki. Bali pangeni safari kwa kadiri ya mwendo wao. Aliye mzito wa hatua atangulie nyuma ya askari, ili yeye ndiye awapimie wengine mwendo. Mtu mzima mwenye nguvu afunge msafara, wala asipitwe nyuma na yeyote. Hesabianeni kila mnapopumzika. Kila mmoja achukue maji yake ya kutosha na viatu vilivyofunika miguu, na mwenye pumu asiiache dawa yake garini. Ondokeni mapema, kabla jua halijawa kali, na takataka zenu mrudi nazo.

Nyanya tulimpandisha polepole, tukipumzika kila penye kivuli, na sala ya Adhuhuri tuliiswali sote 29 pamoja. Tulipokuwa tukiagana, aliniuliza safari nyingine ni lini. Nilimwambia ni likizo ijayo, inshallah, na kwamba mimi nitatembea wa mwisho.

Wabillahi tawfiq.