Gari la Umeme na Subira ya Mnunuzi



Foleni ndefu kwenye vituo vya mafuta si habari ngeni kwa askari aliyepangiwa kazi Gitega au Muyinga katika miaka hii. Nchi isiyochimba mafuta hununua kila pipa kwa fedha za kigeni, na fedha hizo zikipungua, gari la doria husimama sawasawa na la mfanyabiashara. Ethiopia iliona hatari hiyo, na mwaka 2024 ikapiga marufuku kuingiza magari binafsi ya petroli na mazutu. Haishangazi basi kwamba gari la umeme linatamaniwa hata na wasiopata kulipanda.

Lakini kati ya kulitamani na kulikabidhiwa pana kungojea, na kungojea huko kuna mambo yake. Magari mengi ya aina hii hutangazwa na makampuni machanga, ambayo baadhi yao hayajamaliza hata kujenga kiwanda. Kampuni huonyesha gari la mfano, hutaja bei, kisha hupokea arubuni. Mnunuzi hudhani amenunua gari; kumbe mara nyingi ameikopesha kampuni bila riba. Tarehe 31 Machi 2016 kampuni ya Tesla ya Marekani ilianza kupokea dola 1,000 kwa kila aliyetaka gari lake jipya la Model 3. Magari 30 ya kwanza yalikabidhiwa Julai 2017, na wateja wengi walingoja zaidi ya hapo, kwa kuwa kiwanda kilishindwa kwenda na mahesabu. Hata hivyo, hao walipata. Kampuni nyingine ya huko huko, Fisker, iliomba kinga ya kufilisika Juni 2024, na hata waliokwisha kupokea magari yake walibaki wakihangaikia vipuri. Kampuni ikifilisika, wenye dhamana, kama vile mabenki, hutangulia kulipwa. Mwenye arubuni tupu husimama nyuma yao, na mara nyingi mfuko huwa umekwisha kabla hajafikiwa.

Afrika Mashariki nayo ina mifano yake. Chuo Kikuu cha Makerere kilionyesha gari la umeme la watu wawili mwaka 2011, na mradi huo ukazaa basi linalosaidiwa na nguvu za jua, lililoonyeshwa mwaka 2016. Kazi ilikuwa ya kusifiwa, lakini gari lile la watu wawili halikupata kuuzwa kwa umma. Kuunda gari moja ni kazi ya mafundi hodari. Kuunda elfu moja yaliyo sawa ni kazi ya kiwanda, mtaji na miaka.

Gari likitoka kiwandani, mnunuzi aliye Gitega bado ana safari ya kungojea. Likishushwa katika bandari ya Dar es Salaam, litapita Kobero mpakani na kuingia Muyinga, njia ile ile ya malori ya mafuta ambayo lenyewe limekusudiwa kuyapunguza.

Hapo ndipo swali la umeme linapoanza, nalo ndilo ambalo mnunuzi hulisahau. Betri ya kilowati-saa 60, ikijazwa kwa soketi ya kawaida ya nyumbani inayotoa kilowati 2.3, huhitaji zaidi ya saa 26. Kwa mtambo wa kujazia wa kilowati 7, huhitaji kama saa 9. Umeme ukikatika usiku, doria ya alfajiri haitoki. Gitega na Muyinga zina bahati moja: laini kubwa ya umeme kutoka maporomoko ya Rusumo hupita Muyinga hadi Gitega. Mtambo wa Rusumo una uwezo wa megawati 80, zinazogawanywa sawa kati ya Burundi, Rwanda na Tanzania, na sehemu ya maji yake ni ya mto Ruvubu, utokao Burundi yenyewe. Mafuta hayana sifa hiyo. Lakini umeme huo huo unangojewa pia na hospitali, viwanda na nyumba.

Kwa safari ya Gitega hadi Muyinga kupitia Karuzi, isiyofika kilomita 150, gari zima lenye betri ya kiasi hicho linatosha kwenda, ingawa vilima hula nguvu nyingi. Wakati wa kuteremka, mota hurudisha sehemu yake katika betri. Kwa kikosi kilicho porini, mbali na nyaya, mazutu bado haina mshindani. Kwa polisi wa mjini, pikipiki huenda ikawa jibu la karibu zaidi kuliko gari. Mjini Kigali, tangu mwaka 2019, waendesha pikipiki za kampuni ya Ampersand hubadilishiwa betri iliyokwisha kwa iliyojaa katika muda wa dakika chache, wala hawalazimiki kuinunua betri, ambayo ndiyo sehemu ya gharama kubwa.

Kamanda anayetayarisha mpango wa usafiri asiandike katika hesabu yake gari ambalo halijavuka Kobero. Naye askari au chama cha akiba kinachotaka kutoa arubuni kisome mkataba kwanza: gari litakabidhiwa tarehe gani, fedha zitarudishwa kwa sharti lipi, zinawekwa katika akaunti ya nani, na ni fundi gani wa Gitega atakayelifungua likiharibika.