Kingo za Vijito vya Shinyanga na Geita

Ukingo wa kijito hauanzi kubomoka juu. Maji huchimba kwanza mguu wake, kisha udongo wa juu, ukikosa wa kuushikilia, huporomoka kwa uzito wake wenyewe. Penye machimbo madogo ya Geita huweza kuporomoka pamoja na zebaki iliyotumika kukamata dhahabu. Ukuta wa saruji ni ghali, nao husukuma nguvu za maji zikachimbe ukingo wa jirani. Nyasi za vetiva, zenye mizizi ishukayo hata mita 3, hushona udongo na kupunguza mbio za maji. Huko Shinyanga, mradi wa HASHI (1986–2004) ulifufua ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga malisho. Miti ikachipua kutokana na visiki vya kale. Kufunga ukingo vivyo hivyo ni rahisi kuliko kupanda, ila mbuzi watahitaji mchungaji.