Kulifufua Jiko la Pampu la Mafuta ya Taa



Jiko la pampu lilibuniwa Uswidi na Frans Wilhelm Lindqvist mwaka 1892, likaenea duniani kwa jina la Primus. Halina utambi. Hewa isukumwayo kwa pampu huyapandisha mafuta ya taa hadi kwenye kichomeo chenye moto. Hapo mafuta hugeuka mvuke, nao mvuke huwaka kwa mwali wa buluu usio na masizi.

Mwaka 2011 Serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kukomesha uchanganyaji wa mafuta hayo katika dizeli. Bei ilipopanda, majiko mengi yaliwekwa darini. Hata hivyo, mlinzi wa ghala la chama, au mkulima alalaye kambini wakati kuni zimelowa, bado aweza kulihitaji. Mbeya mjini, penye mwinuko wa mita 1,700 hivi, maji huchemka kwenye nyuzi 94 badala ya 100, na maharage hukawia kuiva. Jiko lipotezalo hewa humaliza mafuta kabla chakula hakijaiva.

Kabla ya yote, mwaga mafuta ya zamani, suuza tangi kwa mafuta ya taa safi kidogo, na uchuje mapya kwa kitambaa. Kisha tafuta kasoro kwa utaratibu ufuatao.

Kwanza, pampu ikienda bila kusukuma kitu, ngozi yake imekauka. Itoe, ilainishe kwa mafuta ya cherehani, na uitanue kingo zake zishike ukuta wa pampu.

Pili, mpini ukirudi juu wenyewe, au mafuta yakiingia ndani ya pampu, vali iliyo mwisho wa pampu haifungi. Isafishe, au ubadilishe kiziba chake.

Tatu, jiko likiwa limezimwa, lijaze hewa na upake povu la sabuni penye viungo vyote. Povu likitoa mapovu mapya, kaza kiungo hicho au ubadilishe washa. Tangi lenyewe likivuja, usiliwashe.

Nne, mwali ukiinama upande mmoja au ukififia, kitundu cha kichomeo kimeziba. Kizibue kwa sindano yake maalumu. Waya mnene hupanua kitundu, na tangu hapo mwali huwa wa manjano wenye masizi.

Tano, mafuta yakiruka yakiwa majimaji, kichomeo hakijapata moto wa kutosha. Fungua skrubu ya hewa, ngoja moto uzimike na jiko lipoe, futa mafuta yaliyomwagika, ndipo uanze upya kwa kuwasha spiriti kwenye kisahani. Usiongeze spiriti penye moto.

Jambo moja halina msamaha: petroli isitiwe kamwe katika jiko hili, wala mafuta ya taa yaliyochanganywa nayo. Petroli hutoa mvuke hata ikiwa baridi, na tangi laweza kulipuka mbele ya mpishi. Vilevile, usilehemu tangi lililowahi kuwa na mafuta, hata likionekana tupu, kwa kuwa mvuke uliobaki hulipuka. Usijaze mafuta jiko likiwaka, wala usipikie katika chumba kilichofungwa, kwani gesi yenye sumu huua bila harufu.

Vyama vya msingi vyaweza kusaidia. Chama kikiorodhesha mahitaji ya wanachama, mjumbe mmoja aweza kununua ngozi, washa na sindano za wote kwa safari moja. Aendaye soko la Soweto, Mbeya, achukue kipuri cha zamani kama kielelezo, maana vichomeo havilingani. Jiko lililotengenezwa lijaribiwe nje, mbali na ghala, ndoo ya mchanga ikiwa karibu. Lisilopita majaribio hayo lisirudishwe jikoni.