Dawa isiyoyeyuka na mawe yenye vitundu: Somo kutoka Turkana

MGONJWA akishameza kidonge, watu wengi hudhani kazi imekwisha. Kwa mkazi wa Turkana anayetibiwa uvimbe wa maji ndani ya ini, hapo ndipo ugumu unapoanza, kwani sehemu kubwa ya dawa aliyoimeza hupita tumboni na kutoka mwilini bila kufika inakohitajika.

Ugonjwa wenyewe huitwa haidatidi. Huletwa na tegu mdogo sana anayeishi katika utumbo wa mbwa. Mayai yake hutoka pamoja na kinyesi, yakachafua mchanga, maji na hata manyoya ya mbwa mwenyewe. Kondoo, mbuzi na ngamia huyala wanapolisha, na ndani ya ini au mapafu yao huota mifuko ya maji iliyojaa viluwiluwi vya tegu. Mnyama akichinjwa na mbwa akatupiwa matumbo, mzunguko huanza upya. Binadamu huingia katika mzunguko huo kwa bahati mbaya tu, akimeza mayai hayo mkononi au katika chakula. Mfuko unaweza kukua kimyakimya kwa miaka mingi hadi tumbo likafura.

Katika miaka ya 1970 na 1980, eneo la kaskazini magharibi mwa Turkana, kuanzia Kakuma hadi Lokichoggio, lilitajwa na watafiti kuwa miongoni mwa maeneo yenye wagonjwa wengi zaidi wa haidatidi duniani. Shirika la AMREF lilianzisha mpango wa kuudhibiti mnamo 1983. Mbwa walitibiwa minyoo, waliozurura walipunguzwa, na mashine za altrasaundi zilipelekwa hadi kwenye maboma ya wafugaji ili kuwapima watu. Vipimo vya miaka hiyo vilionyesha kuwa zaidi ya watu 5 kati ya kila 100 waliopimwa walikuwa na uvimbe. Kiwango hicho kimeshuka tangu wakati huo, lakini ugonjwa haujatoweka.

Mifuko mikubwa huondolewa kwa upasuaji, au hutobolewa kwa sindano na maji yake kufyonzwa. Pamoja na hayo mgonjwa hupewa albendazole, dawa ile ile ambayo watoto wa shule humeza mara moja kwa ajili ya minyoo ya tumbo. Kwa haidatidi, miligramu 400 humezwa mara mbili kwa siku, si kwa siku moja bali kwa miezi.

Tofauti ya magonjwa hayo mawili ndiyo kiini cha mambo. Minyoo ya tumbo huishi utumboni, na dawa inayobaki humo huikuta papo hapo. Uvimbe wa haidatidi umo ndani ya ini au mapafu. Dawa haina budi kuyeyuka, ipenye ukuta wa utumbo, iingie katika damu, kisha ipenye ukuta mnene wa mfuko. Albendazole hukwama katika hatua ya kwanza. Huyeyuka kidogo katika asidi ya tumbo, na ikifika kwenye utumbo ambako asidi imepungua, haiyeyuki karibu kabisa. Inakadiriwa kuwa chini ya asilimia 5 ya dawa iliyomezwa ndiyo huingia mwilini.

Sababu iko katika fuwele. Chembe za albendazole hushikana kwa mpangilio imara, mithili ya matofali ya ukuta uliojengwa vizuri, na maji hushindwa kuzing'oa. Ipo njia rahisi ya kupunguza tatizo: kuimeza dawa pamoja na mlo wenye mafuta mengi, wa takriban gramu 40 za mafuta. Mlo wa namna hiyo unaweza kuongeza dawa inayofika katika damu hadi mara tano.

Ushauri huo ni mzuri pale penye mafuta. Boma lenye ngamia na mbuzi wanaokamuliwa halina shida nao. Lakini kati ya 2020 na 2022 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo na mifugo mingi ikafa. Katika kambi ya Kakuma, iliyofunguliwa mwaka 1992 kiasi cha kilomita 120 kutoka Lodwar, mgao wa chakula wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani umepunguzwa mara kadhaa, na mwaka 2025 ulikatwa sana. Dawa inayotegemea mlo mnono humtupa mgonjwa mwenye njaa, na mwenye njaa ndiye mara nyingi anayeihitaji.

Hapa ndipo mawe yanapoingia. Wanasayansi wametafuta njia ya kuizuia dawa isijipange kuwa fuwele, na wakaikuta katika madini yenye vitundu, hasa silika, ambayo ndiyo hasa mchanga wa kawaida umeumbwa kwayo. Dawa huyeyushwa kwanza katika kimiminika kinachofaa, kisha unga wa silika hutiwa humo. Kimiminika hujipenyeza katika vitundu kikiwa kimebeba dawa. Kikishakaushwa, dawa hubaki imenaswa ndani. Vitundu vyenyewe vina upana wa nanomita chache tu, yaani sehemu chache za bilioni za mita, hivyo chembe za dawa hukosa nafasi ya kujipanga. Unga huo ukikutana na maji ya tumboni, maji huingia na dawa hutoka chembe kwa chembe, bila ukuta wa kubomoa.

Unga huo hubeba dawa nyingi kwa sababu ya eneo lililofichika ndani yake. Gramu moja ya silika iliyotengenezwa kwa ustadi, ambayo haijazi kijiko, ina kuta za ndani ambazo zikitandazwa hufikia mita za mraba 1,000. Hiyo ni karibu robo ekari.

Silika ya aina hiyo ilitangazwa mwaka 1992 na watafiti wa kampuni ya mafuta ya Mobil nchini Marekani, waliokuwa wakitafuta nyenzo za kusafishia mafuta, si za tiba. Mwaka 2001 Maria Vallet-Regí na wenzake wa Madrid, Hispania, walionyesha kuwa inaweza kubeba dawa ya maumivu ya ibuprofen na kuiachilia polepole. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya jaribio dogo kwa binadamu, ambapo dawa ya kupunguza mafuta mwilini iliyobebwa katika silika ilifyonzwa zaidi kwa takriban nusu ikilinganishwa na ile ya kawaida. Albendazole nayo imejaribiwa katika silika na katika udongo wa mfinyanzi, lakini katika maabara na kwa wanyama. Hospitali ya Lodwar haina kidonge cha namna hiyo leo.

Kenya yenyewe ina silika yenye vitundu ardhini. Huko Kariandusi, karibu na Gilgil, huchimbwa diatomaiti, jiwe jeupe jepesi lililotokana na magamba ya mimea midogo iliyoishi katika ziwa la kale. Tabaka kama hizo zimo pia katika bonde la Suguta, kusini mwa Ziwa Turkana. Diatomaiti ya Kariandusi imetumika kuchujia bia na kubebea viuawadudu. Isije ikadhaniwa, hata hivyo, kuwa jiwe hilo liko tayari kuwa dawa. Vitundu vyake vya asili ni vipana mno kuzuia fuwele vizuri, limechanganyika na chuma na udongo, na vumbi lake likivutwa laweza kuumiza mapafu.

Wala pasiwe na mtu wa kusaga mawe na kuyameza pamoja na vidonge. Madini yanayobeba hujua pia kung'ang'ania. Udongo laini ambao wajawazito wengi hununua sokoni na kuutafuna unaweza kunasa madini ya chuma na hata dawa nyingine tumboni, ukavizuia visiingie mwilini. Mtengenezaji wa dawa hana budi kuchagua upana wa kitundu na uso wa madini ili dawa iachiliwe kwa wakati wake.

Yapo maswali mengine ambayo majaribio ya binadamu ndiyo yatakayoyajibu. Albendazole ikiingia kwa wingi katika damu inaweza kudhuru ini na kupunguza chembe nyeupe, ndiyo maana wagonjwa wa muda mrefu hupimwa damu, na wajawazito huepushwa nayo hasa katika miezi ya mwanzo. Kidonge kinachofyonzwa vizuri kitahitaji dozi mpya, pengine ndogo kuliko miligramu 400. Kisha kuna hifadhi: silika hunyonya unyevu, na unyevu ukichanganyika na joto linalozidi nyuzi 35 mchana wa Lodwar, dawa inaweza kuanza kurudi katika fuwele. Kidonge kitakachofika zahanati za mbali kitapaswa kufungwa kimoja kimoja katika karatasi ya alumini, na gharama ya karatasi hiyo nayo itaingia katika bei.